Shukrani kwa Mtihani Ambao Hukufaulu

Msambweni, Jumapili, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Mwanasha,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapojitayarisha kwa mtihani ni kuanza na yale wanayoyajua. Mtu hufungua daftari, akakutana na sura aliyoielewa tangu siku ya kwanza, moyo ukatulia. Huisoma tena, na tena, akaipigia mistari ya wino mwekundu, mpaka jua linatua naye anajihesabu kuwa amefanya kazi. Ile sura inayomtia jasho imebaki imefungwa. Kesho yake anarudi pale pale, kwa sababu pale pana raha. Kisha mtihani unakuja na kumuuliza juu ya ile sura iliyofungwa.

Nimefundisha miaka ishirini na minne, na kosa hilo nimeliona kwa watoto wa darasa la nne na kwa walimu wenzangu wenye mvi waliokuwa wakitafuta vyeti. Kwangu mwenyewe nililiona kabla ya hao wote. Na tangu Ijumaa ninajua kwamba limekupata na wewe.

Nadhani hapo umesimama. Kaa chini usome polepole, kwa sababu nami ninaandika polepole.

Sitakueleza habari za sweta, wala ufunguo wa chumba, wala utakula nini kesho ukirudi chuoni kule bara. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, na anayajua kuliko mimi. Ninakuandikia badala ya kukuita barazani kwa sababu ninajijua. Nikifungua kinywa nitapandisha sauti, nawe utainamisha kichwa useme "ndiyo, baba," nami nitadhani tumezungumza. Sisi wawili tumezungumza hivyo miaka mingi, na umeona matokeo yake.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Ukunda kutengenezesha miwani yangu. Nilipofika Kona ya Musa nikasikia ninaitwa. Alikuwa Mama Kyalo, yule mama wa Kikamba anayelima kule Shimba Hills na kushusha machungwa sokoni, ambaye mwanawe Kyalo mko darasa moja chuoni. Unajua alivyo. Alikimbia wakati wa zile vurugu za kuwafukuza watu wa bara, akiwa na mtoto mgongoni, akarudi, na hakuna mtu wa Ukunda anayemshinda kwa salamu.

"Mwalimu! Kuja hapa kwanza. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Habari za mlimani?"

"Mzuri tu, Mungu anasaidia. Mwalimu, pole sana kwa ile maneno ya Mwanasha."

Nilifikiri amesikia kwamba unaumwa. "Maneno gani, mama?"

"Si ile ya mtihani! Kemia na ile ingine ya takwimu. Hata Kyalo alianguka hiyo kemia. Nilimpigia kelele mpaka majirani wakakuja kuuliza nani amekufa. Lakini saa hii anasoma. Wameambiwa wakipita ile ya katikati ya muhula, ile ya wiki ya sita, maneno inaisha. Wasipopita, ni nyumbani. Kabisa." Kisha akanitazama vizuri, mkono wake ukabaki juu ya chungwa. "Aki mwalimu, mimi nilidhani unajua."

"Ninajua," nikamwambia.

Huo ulikuwa uongo, nao niliusema mchana kweupe mbele ya mtu aliyenionea huruma ya kweli. Yeye naye akajifanya ameuamini. Alinifungia machungwa manne katika gazeti na akakataa kupokea chochote. "Peleka kwa Mama Mwanasha. Na huyo msichana mwambie aulize maswali! Kyalo anasema anakaa huko nyuma kimya, kama mtu amekuja harusi na hakualikwa."

Machungwa hayo uliyala wewe, usiku ule ule. Ulisema ni matamu kuliko ya Muhaka, ukauliza nimeyapata wapi. Nikasema, sokoni.

Sasa nikueleze kinachoniuma, kwa sababu huenda unadhani ni kule kuanguka. Kuanguka hakukuniuma. Kemia ya mwaka wa kwanza imewaangusha watu waliokuja kuwa mabingwa, na muhula wa kwanza ni mgumu kwa kila mgeni. Ungeniambia siku ile ya kwanza ningekasirika kiasi, ningetembea mpaka pwani na kurudi, kisha tungekaa na vitabu.

Kinachoniuma ni Alhamisi ile ya dua.

Ulipofika nyumbani nilikuwa na wageni barazani. Nilikuuliza mbele yao, kabla hujaweka mzigo chini, "Umefaulu?" Nawe ukasema, "Alhamdulillahi, baba." Nimelifikiria jibu hilo siku mbili nzima. Hukusema ndiyo. Ulimshukuru Mungu, jambo ambalo hufanywa katika heri na katika shari, ukaniachia mimi nilitafsiri. Ulichagua neno ambalo mtoto wa kwetu hawezi kulaumiwa kwa kulitamka. Nimewafundisha watoto Kiswahili kwa muda mrefu, na bado ulinipitia hapo.

Wiki iliyofuata, Alhamisi hiyo, tukachinja mbuzi. Maalim alikuja, wazee wa mtaa walikuja, na shangazi zako walitoka Bodo wakiwa na sinia zao. Mzee Ndaro, jirani yetu ambaye hajapata kukaa mahali bila kuchokoza, alianza kukitania hicho kilimo unachosomea kabla hata ya uvumba kushika moto.

"Mwalimu, sasa tumepata daktari wa minazi. Ule mnazi wangu wa kisimani umegoma kuzaa. Mwambie bibi huyu auangalie."

"Mzee Ndaro," nikamjibu, "mnazi wako haukugoma. Umezeeka kama mwenyewe."

"Basi atutibu sote wawili!"

Watu wakacheka, na nyuma ya pazia wanawake wakacheka. Baada ya dua nikasimama. Hukuniona, lakini ulinisikia. Nilimshukuru Mungu kwa sababu mtoto wangu, wa kwanza katika ukoo huu kukaa chuo kikuu na kudumu, amevuka mtihani wake wa kwanza. Maalim akafunga kwa dua nyingine, na watu wakaitikia. Mwanasha, nilikusikia ukisema amina. Ninaijua sauti yako katika sauti arobaini.

Uliniacha nimshukuru Mungu mbele ya watu kwa kitu ambacho hukukipata. Hilo ndilo lililonivunja. Kila ninapokwenda msikitini sasa mtu ananiuliza habari za daktari wa minazi, nami ninatabasamu kama mjinga.

Na jana nilikupa nafasi. Ulikuwa ukikunja kanga zako, nikaja nikasimama mlangoni, nikakuuliza masomo yanakwendaje. Nilikuuliza nikiwa ninajua. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yangu. Ukasema, "Sawa, baba, usiwe na wasiwasi." Ulinitazama machoni ukasema hivyo. Nikaenda zangu nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya kinu cha mama yako kilicholazwa.

Ningeweza kuishia hapa na barua ingekuwa ya haki. Lakini nimekuwa mwalimu, na mwalimu akiona mtoto amekosea hujiuliza kosa hilo amelifundishwa na nani.

Unajua, kwa sababu nimekusimulia tangu u mdogo, kwamba nami niliingia chuo kikuu, nikaacha katika mwaka wa kwanza ili nije kumuuguza babu yako. Mama yako anajua hivyo. Kaburini babu yako amelala akiwa ndiye sababu ya mimi kuacha masomo. Si kweli. Babu yako alikuwa mzima, na aliendelea kukwea minazi yake mwenyewe miaka sita baada ya mimi kurudi. Mimi nilirudishwa. Nilianguka mitihani.

Hilo ndilo jambo ambalo sijapata kuliandika popote, na sasa limeandikwa.

Nilikwenda kule na kijana mmoja wa Mkwiro, jina lake Rashidi. Darasani tulikuwa watoto wawili tu wa kusini hii, tukashikamana. Tulikuwa na masomo mawili makubwa, historia na jiografia, na vitabu vilikuwa vingi kuliko siku. Basi tukafanya kama watu wa kwetu wanavyofanya wakati wa kulima: leo wote tunalima kwako, kesho wote tunalima kwangu, na kazi inakuwa nyepesi. Mimi nikachukua historia yote, yeye akachukua jiografia yote. Kila mmoja angelima lake, kisha amlimie mwenzake. Tuliona tumewazidi akili watoto wa bara waliokuwa wakihangaika kila mtu peke yake.

Nikamfundisha Rashidi historia wiki tatu. Nilimweleza, akauliza, nikakwama, nikarudi kitabuni, nikamweleza tena. Unanijua napenda kueleza, na ugonjwa huo nilikuwa nao tangu wakati ule. Zamu yake ilipofika, nilishikwa na malaria nikalazwa siku nne katika zahanati ya chuo. Nilipotoka akanipa daftari lake. Lilikuwa na mwandiko mzuri sana, wenye vichwa vya habari vya rangi mbili.

"Ndiyo hii jiografia yote, sheikh wangu. Isome hii, imetosha."

"Na sura ya mito? Siioni."

"Mito iache. Mhadhiri ameiruka."

Nikalisoma daftari lile mara saba. Nililisoma mpaka nikajua ukurasa fulani una doa la chai. Siku ya mtihani wa katikati ya muhula nikafungua karatasi, na swali la kwanza lilikuwa juu ya mito. Nikainua macho. Rashidi alikuwa ameketi madawati mawili mbele yangu, na kalamu yake ilikuwa inakwenda.

Nilimngoja nje.

"Rashidi, uliniambia mito haiji."

"Nilidhani haiji."

"Mbona umejaza kurasa tatu?"

"Mtu akiulizwa si hujibu?"

Alisema hivyo na akacheka kidogo, kama mtu aliyetania. Baadaye wenzetu wakaniambia kwamba siku ile niliyokuwa kitandani mhadhiri alisimama akawaambia wote waisome mito. Rashidi alikuwepo, katika safu ya mbele. Kwa nini alinificha, sijui mpaka leo. Alikuwa amekula nyumbani kwetu, na babu yako alimwita mwanangu. Tulikaa chuo kile miezi mingine miwili na sikumwamkia tena.

Kwa muda mrefu kisa hicho kilinitosha. Kila nilipoukumbuka mwaka ule, nilimkumbuka Rashidi, na nikajiona mtu aliyesalitiwa. Nilikuwa mwalimu wa miaka kumi tayari, niko darasani ninasahihisha mtihani wa watoto, ndipo siku moja nikakumbuka kitu kidogo: karatasi ile ilikuwa na maswali matano. Mito ilikuwa swali moja. Mengine manne yalitoka katika daftari nililolisoma mara saba, nami sikuweza kuyajibu. Niliyatambua yote. Niliyaona kama watu ninaowajua kwa sura, lakini nilipotakiwa kusema habari zao nikakosa neno. Kalamu ilikuwa mkononi na ukurasa ulikuwa na jina langu tu na namba.

Rashidi alinisaliti kwa swali moja. Yale manne nilijisaliti mwenyewe. Sisemi hivyo ili kumsamehe, maana aliyoyafanya aliyafanya. Ninasema hivyo kwa sababu nililibeba swali lake moja miaka kumi ili nisiyatazame manne yangu.

Na kilichonirudisha nyumbani si mtihani ule. Baada ya kuanguka nilikuwa na wiki saba kabla ya mitihani ya mwisho. Wiki saba zinatosha kabisa, nami ninakuambia kama mtu aliyewaona watoto wakiamka katika wiki tatu. Mhadhiri yule alikuwa na mlango wenye jina lake, na kila siku nilipita mbele yake. Nyumbani nikaandika kwamba mambo ni mazuri. Kisha, kila jioni, nikaenda maktaba nikakaa na kitabu cha historia. Cha historia, Mwanasha, somo nililokuwa nimefaulu vizuri kuliko wote! Nililisoma wiki saba. Watu waliniona ninasoma, nami nilijiona ninasoma.

Ndiyo maana nimeanza barua hii nilivyoianza.

Sasa kutoka kesho mpaka wiki yako ya sita kuna muda. Nikueleze ninavyofahamu, si kwa kuwa nimefaulu, bali kwa kuwa nimelipitia shimo hilo na ninajua lina kina gani.

Kumbuka maalim wako alivyokuwa akifanya katika chuo cha Kurani, kule ulikoanzia juzuu ya kwanza. Hakukuuliza kama umesoma. Aliweka kiganja juu ya ukurasa, akasema, "Lete." Ulichokuwa nacho kilitoka, na usichokuwa nacho kilijulikana hapo hapo, wewe na yeye mkakiona pamoja. Nilipofika chuo kikuu nilidhani njia ile ni ya watoto wadogo, kwamba mtu mzima husoma kwa macho. Ndipo nikasoma mara saba. Kama ningesoma mara moja, nikafunika, nikaandika nilichobakiwa nacho, kisha nikafungua kuona nilichokiacha, ningeona mapema kwamba sijui. Inauma, na ndiyo faida yake. Ule uchungu uupate chumbani kwako, siku ambayo bado kuna dawa.

Historia niliijua kwa sababu niliifundisha. Rashidi akiuliza, nilikuwa nikiona matundu yangu. Kwa hiyo soma na Kyalo, ukipenda, maana mama yake ni mtu wa kweli na mtoto huchukua kwa mamaye. Lakini msigawane. Shamba langu jirani yangu anaweza kunilimia, mahindi yakaota yale yale. Kichwa hakilimwi na jirani. Kila mmoja wenu asome yote, kisha amweleze mwenzake vitabu vikiwa vimefungwa, na msikilizaji awe mchokozi kama Mzee Ndaro. Na Kyalo akikuambia sura fulani haiji, isome hiyo kwanza.

Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita mnazo, nasikia zinazungushwa bwenini. Wengi huzitumia kubashiri. Wanaona swali fulani limekuja mara mbili, wanalikariri, wanalala. Wewe zitumie kama maalim wa kiganja: weka saa mezani, usifungue kitu, andika mpaka muda uishe. Utaona kwamba unayajua mambo mengine lakini mkono wako ni mzito, na hilo nalo ni jambo la kujua wiki ya pili, si wiki ya sita.

Na usingoje uwe na siku nzima. Mama yako hujapata kumwona akikaa kushona mkeka ambao ukili wake, ule ukanda wa miyaa, haujasukwa. Husuka pima moja akingoja wali kuiva, pima nyingine akizungumza na jirani, na siku ya kushona ukili upo tayari umeviringishwa. Kemia yako isuke hivyo, kila siku kidogo, na ile ya juzi uiguse tena leo kabla haijakauka. Watu waliosoma usiku kucha kuamkia mtihani nimekaa nao. Wanayajua mengi mpaka alfajiri, na kufikia saa nne wameyasahau.

Sasa nije kwa yale maneno ya Mama Kyalo, kwamba unakaa nyuma kimya. Hapo kosa si lako peke yako. Sisi ndio tuliokulea kwamba mkubwa akisema husikilizwa, na kumuuliza mara ya pili ni kumwambia hakueleza vizuri. Adabu hiyo ni njema, nami siifuti. Barazani imekuvika heshima mbele ya watu wote. Lakini umeingia mahali ambapo ukinyamaza mhadhiri hafikiri kwamba una heshima. Hafikiri chochote, hata jina lako halijui. Wenzako wa bara wanainua mkono wanauliza hata mambo ya kuchekesha, wanachekwa, wanakaa chini wakiwa wanajua. Wewe unaondoka na adabu yako na tundu lako. Mwendee mhadhiri katika chumba chake, mwamkie vizuri, usimwambie "sijaelewa kemia," maana hiyo hana pa kuishika. Mpe ukurasa. Mwambie, "Nimefika hapa mwenyewe, na hapa nimekwama." Mtu anayefundisha hapendi kitu kuliko hicho. Ningelimpenda mwanafunzi kama huyo mpaka leo.

Mimi sikuugonga mlango ule hata mara moja. Wiki saba nzima.

Unaweza kuniuliza kama nimekusamehe. Bado. Nikisema nimekusamehe leo nitakuwa nimeongeza uongo mwingine katika nyumba hii, na uliopo unatosha. Nilipokusikia ukisema amina, sikujua ninachokisikia. Tangu nilipojua, ninaisikia kila mara. Itapungua, ninadhani, kwa sababu wewe ni mwanangu na kwa sababu ninajua uliokota wapi desturi hiyo. Lakini haitapungua kwa wewe kunililia, wala kwa kunishika miguu kesho alfajiri mbele ya watu waliokuja kukuaga. Sitaki hayo. Sikutaka hata cheti, kama ulifikiri ndicho ninachokingoja. Ninachotaka ni kuonyeshwa mahali palipo na tundu, na mwanangu mwenyewe, kabla sijaonyeshwa na mtu sokoni.

Mama yako hajui lolote. Usiku huu, tukishakula, nitamwambia habari za babu yako na za chuo. Hiyo ni yangu, na nimechelewa kumwambia miaka ishirini na miwili aliyokaa nami. Sijui atasema nini. Yako sitamwambia mimi.

Nimekwisha kukuambia mengi, na mengi hayafanywi. Mimi baba yako ninakutaka ufanye moja, na ulifanye leo. Wanafunzi hutoka chumba cha mtihani na karatasi ya maswali, kwa hiyo ile ya kemia unayo mahali fulani katika mizigo yako. Ninakwenda msikitini, na nitarudi baada ya magharibi. Itoe. Tafuta swali la kwanza ulilolikosa, funga madaftari yote, ulijibu kwa mkono wako kwa kadiri unavyojua sasa, kisha uniletee barazani. Ukiwa umepata mstari mmoja tu, lete huo mmoja.